Sindano Isiyotia Dawa: Neno kwa Mgonjwa wa Ukanda wa Dhahabu

Tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ambayo wengine huiita akupancha, si ngeni tena katika nchi yetu. Kikundi cha kwanza cha madaktari kutoka Jamhuri ya Watu wa China kiliwasili Zanzibar mwaka 1964, na kile cha Tanzania Bara kikafika mwaka 1968. Tangu hapo jimbo la Jiangsu limekuwa likipeleka matabibu Visiwani, na jimbo la Shandong likiwaleta Bara. Hospitali za Muhimbili, Dodoma, Tabora na Musoma zimo miongoni mwa zilizowapokea. Aghalabu katika vikundi hivyo, kando ya wapasuaji na madaktari wa wanawake, huwamo mtaalamu wa sindano. Baadaye, kuanzia miaka ya 1990, zilizuka mijini zahanati za Kichina za watu binafsi, na siku hizi wapo pia Watanzania wenye kuifanya kazi hiyo, baadhi yao baada ya masomo marefu, na wengine, hatuna budi kusema, baada ya masomo mafupi mno.

Makala haya hayakusudii kuitukuza tiba hiyo wala kuikejeli. Yanakusudia kumweleza mgonjwa anayeiendea kwa mara ya kwanza, hasa yule aishiye Shinyanga, Kahama, Geita na katika vijiji vya machimbo vilivyo baina yake, mambo yampasayo kuyajua kabla hajavua shati. Na katika mambo hayo limo moja ambalo, kwa maoni ya mwandishi, linayashinda mengine yote: sindano hii yaweza kutuliza maumivu, lakini haikitafuti chanzo cha maumivu hayo wala haikiondoi. Kwa karani wa mjini mwenye shingo iliyokakamaa huenda tofauti hiyo isiwe na uzito mkubwa. Kwa mchimbaji wa dhahabu yaweza kumgharimu mapafu yake.

Tuanze na jina. Mtu wa Kanda ya Ziwa asikiapo neno sindano hufikiri mara moja juu ya dawa. Imani hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipambana na ugonjwa wa buba kwa sindano za bismuthi, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja penisilini. Vidonda vilivyomtesa mtu kwa miaka vilikauka kwa siku chache, mbele ya macho ya kijiji kizima. Tangu wakati huo sindano imepewa heshima ambayo kidonge hakijaipata hata leo, na wauguzi wanajua jinsi wagonjwa wanavyonung'unika wakiandikiwa vidonge vitupu. Basi mgonjwa mpya na ajue kwamba sindano ya Kichina haina dawa ndani yake. Haina hata tundu la kupitishia dawa. Ni uzi wa chuma cha pua, unene wake robo ya milimita hivi, ilhali sindano ya kawaida ya kuchomea dawa yaweza kufikia milimita 0.8. Kinachotenda kazi, iwapo kipo, ni mchomo wenyewe na jinsi mwili unavyouitikia.

Utaratibu wake ni mwepesi. Mgonjwa hulazwa kitandani, na inafaa alazwe hasa siku ya kwanza, kwa kuwa wako wanaozimia wakichomwa wakiwa wameketi. Asiende na njaa. Ngozi hupanguswa kwa spiriti, kisha sindano chache, pengine tano, pengine kumi na tano, huchomwa mahali mbalimbali, wakati mwingine mbali kabisa na panapouma; mwenye kuumwa kichwa asishangae akichomwa mkononi. Sindano huachwa kwa dakika 20 hadi 30. Maumivu ya mchomo huwa madogo, lakini sindano ikishafika ndani mgonjwa huweza kusikia uzito, ganzi, au mtekenyo kama wa umeme, na matabibu wengi huihesabu hali hiyo kuwa dalili njema. Baadhi yao huunganisha sindano na umeme mdogo, au huchoma juu yake majani makavu ya jamii ya pakanga ili kupasha ngozi joto. Kwa kawaida mgonjwa huambiwa arudi mara moja au mbili kwa juma mpaka afikishe mara sita hadi kumi na mbili. Kama kufikia mara ya sita hakuna nafuu yoyote, ana haki ya kuuliza kwa nini aendelee kulipa.

Neno la pili linalotaka uangalifu ni mshipa. Lugha yetu imelitwisha neno hili mzigo mkubwa. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva ichukuayo hisia. Mshipa ni ukano uunganishao msuli na mfupa. Na ukimsikia mzee akisema ana mshipa, huenda anazungumzia ngiri. Matabibu wa kale wa China nao walifundisha kwamba nguvu ya uhai, waiitayo chi, hupita mwilini katika njia maalumu, na kwamba juu ya njia hizo kuna vituo 361 ambavyo vikichomwa huirekebisha nguvu hiyo. Njia hizo zinapotajwa kwa Kiswahili huitwa nini? Huitwa mishipa. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa mwenye ganzi ya miguu kwa sababu ya kisukari, mwenzake anayetetemeka mikono kwa sababu ya zebaki, na mzee wetu mwenye ngiri, wote watatu wakipita mbele ya kibao kisemacho kwamba humo ndani mishipa hufunguliwa, kila mmoja huona ametajwa yeye.

Wataalamu wa umbile la mwili wameuchunguza kwa karne kadhaa. Wameona njia za damu, neva na kano. Njia za chi hawajaziona. Jambo hilo peke yake halithibitishi kwamba sindano haifai kitu, maana watu walitafuna magome na mizizi yenye kuponya kabla ya kujua kilichomo ndani yake. Lakini linampa mgonjwa swali ambalo asiache kumuuliza tabibu: ni mshipa upi?

Wasukuma na majirani zao, kwa hakika, si wageni wa tiba zipitiazo katika ngozi. Chale huchanjwa na dawa ikapakwa juu yake; kuumika kwa pembe kulifahamika katika pande zetu kabla ya kuja vikombe vya kioo vya Kichina. Pembe hiyo ya kuumikia huitwa chuku, na lugha yetu, kwa bahati au kwa makusudi, imeufanya msemo wa kupiga chuku uwe pia na maana ya kuitia habari chumvi. Tiba ya sindano imepigiwa chuku nyingi. Mwaka 1971 mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing. Alipasuliwa kwa kutiwa dawa ya ganzi kama mtu mwingine yeyote, kisha, baada ya upasuaji, akachomwa sindano ili kutuliza tumbo lililojaa gesi, naye akayaandika hayo kwa ukweli. Habari ilipotoka mdomo mmoja kwenda mwingine iligeuka, mpaka leo wako wasemao kwamba alipasuliwa kwa sindano bila ya dawa. Vivyo hivyo zile sinema za miaka ya 1970 zilizoonyesha wagonjwa wakipasuliwa kifua huku wakitabasamu: baadaye ilibainika kuwa wagonjwa walichaguliwa kwa uangalifu, na wengi wao walikuwa wamepewa dawa za kutuliza na za ganzi pamoja na sindano.

Je, tukiondoa chuku hizo, hubaki nini? Hubaki kitu, ijapokuwa si kikubwa kama kinavyotangazwa. Katika miaka ya 1970 wanasayansi waligundua kwamba ubongo hutengeneza kemikali zake zenyewe za kutuliza maumivu, zinazofanana na afyuni kwa utendaji wake, na majaribio ya wakati huo yalionyesha kwamba mchomo wa sindano waweza kuzichochea. Majaribio makubwa kwa wagonjwa yalikuja baadaye. Nchini Ujerumani wagonjwa 1,162 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa katika makundi matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika kundi lililochomwa sindano kwa kanuni za Kichina walikuwa asilimia 47.6. Katika kundi lililopata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi walikuwa asilimia 27.4. Hapo mpenzi wa sindano aweza kushangilia. Lakini lilikuwako kundi la tatu: hao walichomwa sindano juujuu, mahali pasipo na kituo chochote cha Kichina, nao hawakujua. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 44.2.

Msomaji na aitafakari tarakimu hiyo ya mwisho, kwani ndiyo yenye elimu kubwa zaidi. Yaonyesha kwamba kuchomwa, kulala kwa utulivu nusu saa, kushikwa na kusikilizwa na tabibu asiye na haraka, na kutumaini, hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mahali hasa pa kuchoma huongeza kidogo tu. Mabishano hayajaisha. Taasisi ya Uingereza itoayo miongozo ya tiba iliipendekeza sindano kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaiondoa mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikaikubali kwa maumivu ya kudumu yasiyo na chanzo kinachojulikana. Kwa kipandauso, kwa magoti yaliyochakaa na kwa shingo pia kuna ushahidi wa nafuu ya kiasi. Hakuna ushahidi wa namna hiyo kwamba sindano huponya malaria, kifua kikuu, kisukari, saratani au UKIMWI, na mtu anayeahidi hayo amejitoa mwenyewe katika hesabu ya matabibu.

Maneno hayo, yasiyo na chanzo kinachojulikana, ndiyo yanayotuleta katika machimbo. Tangu dhahabu ilipoanza kuchimbwa Geita katika miaka ya 1930 mpaka leo, wilaya ile ya zamani ya Mwanza ikiwa imekuwa mkoa tangu mwaka 2012, maumivu ya watu wa huko aghalabu yana chanzo, na chanzo hicho chaweza kujulikana.

Tutazame mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu. Hushuka ndani ya duara kwa kamba, hupasua mwamba kwa nyundo na tindo, huinama kwa saa nyingi mahali asipoweza kusimama, na mwenzake juu huvuta mifuko ya mawe. Akitoka na kiuno kinachouma hakuna wa kumshangaa, na huyu ndiye sindano yaweza kumfaa. Lakini si kila kiuno kiumacho kimechoshwa na mfuko. Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo watu huvifikiria kuwa vya mapafu tu, huweza kuishi katika pingili za uti wa mgongo na kuzila polepole. Maumivu huanza kama ya kazi, mpaka siku miguu inapokosa nguvu. Na katika nchi ya wafugaji kama Shinyanga, maumivu ya kiuno yenye homa ya kuja na kuondoka yaweza kuwa ya brusela, ule ugonjwa unaowatoa ng'ombe mimba na kumwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa. Magonjwa yote mawili yana dawa, na dawa hizo humezwa au huchomwa kwa sindano yenye tundu. Anayetulizwa kwa sindano isiyo na tundu, huku kijidudu kikiendelea na kazi yake, amefanyiwa hisani mbaya.

Kifua ndicho cha kutisha zaidi. Mwamba wenye dhahabu katika ukanda huu aghalabu ni mawe meupe yenye silika nyingi. Yakipasuliwa makavu, na hasa yakisagwa katika karasha au kutwangwa kwa mkono, kazi inayofanywa sana na wanawake, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, nalo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Mapafu hujaa makovu. Ugonjwa huo wa silikosisi hauna dawa ya kuuponya, na mtu mwenye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi mara kadhaa kuliko mwingine. Mgonjwa mwenye kubanwa kifua, maumivu ya mbavu na kikohozi cha miezi anayeenda kwanza kuchomwa sindano huweza kweli kulala vizuri usiku ule. Kesho yake hurudi karashani. Kama kifua kikuu kimo, humwambukiza mkewe, watoto wake na wote walalao naye katika kibanda. Ilhali kupima makohozi na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya Serikali ni bure, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita.

Kisha kuna zebaki. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hukamatishwa kwa zebaki, na donge linalopatikana huchomwa motoni, mara nyingi katika kikaango kilicho wazi, pengine nyuma ya nyumba ambamo watoto wanacheza. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huingia kwa pumzi, hufika katika ubongo na mafigo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mpango wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, wachunguzi waliwapima watu wa Rwamagasa, katika Geita, wakakuta dalili za sumu hiyo, hasa miongoni mwa wachomaji wa donge. Dalili zenyewe ni kutetemeka mikono, kuyumba katika mwendo, ladha ya chuma mdomoni, kukosa usingizi, hasira au huzuni isiyo na sababu. Msomaji akumbuke neno mshipa. Ni nani katika kijiji, akimwona kijana wa miaka thelathini anatetemeka mikono na hapati usingizi, asiyesema kwamba ana ugonjwa wa mishipa? Na akipelekwa kwa mfungua mishipa, usingizi huenda ukarudi kidogo. Zebaki itabaki palepale, na mchomaji atarudi kwenye kikaango chake akiamini kwamba ametibiwa. Tiba ya kwanza ya mtu huyo ni kuacha kuuvuta mvuke, au walau kuchoma donge ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kunasia zebaki. Na ugonjwa wake huthibitishwa kwa kupima mkojo katika maabara yenye vifaa vya kazi hiyo, si kwa kumshika kiganja.

Wako watakaosema kwamba maneno haya ni ya mtu aliyeshiba hospitali. Watasema kwamba mchimbaji wa kijijini hana eksirei, kwamba safari ya kwenda Bugando huko Mwanza humla mapato ya majuma kadhaa, na kwamba maskini asinyimwe nafuu ndogo aliyoipata kwa kungojea uchunguzi mkubwa asioweza kuupata. Hoja hiyo ni ya haki kwa nusu yake. Wafanyakazi wa migodi mikubwa, kama Bulyanhulu katika Kahama, sheria yawataka waajiri wao wawapime afya. Mchimbaji mdogo hana mwajiri wa kumpima. Hata hivyo vipimo vinavyohitajiwa kwanza si vya Bugando. Makohozi hupimwa katika vituo vingi vya afya vya wilaya. Maswali manne hayahitaji chombo chochote: Je, una homa? Je, umekonda? Je, watokwa na jasho usiku? Je, miguu imekufa ganzi au mkojo umekuwa hauzuiliki? Mtu anayejibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo hapaswi kuchomwa sindano ya Kichina siku hiyo, bali aandikiwe barua ya kwenda hospitali. Na mwenye mkojo usiozuilika aende leo leo. Tabibu wa sindano asiyeuliza hayo, hata awe na mkono mwepesi namna gani, hafai kwa nchi ya machimbo. Na kwa upande wetu, maoni ya mwandishi ni kwamba mahali pa tiba hii ni ndani ya hospitali za mkoa na za wilaya, chumba kimoja baada ya chumba cha eksirei, kama ilivyokuwa kwa wale madaktari wa vikundi vya Kichina, badala ya kuachwa ijitegemee sokoni ambako kila mgonjwa anayeondoka bila kuchomwa ni fedha iliyopotea.

Yabaki mambo ya usalama, nayo tutayasema bila kuzunguka. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine isikuguse. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mlango wa pili kutoka Geita, na virusi vya homa ya ini aina ya B, vilivyoenea zaidi katika jamii kuliko watu wanavyodhani, huambukiza kwa damu kidogo zaidi hata kuliko vile vya UKIMWI. Mwaka 1984, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, wagonjwa 35 wa tabibu mmoja wa sindano walipata homa ya ini hiyo kutokana na matibabu yake. Haikuwa kijijini, wala hapakuwa na uhaba wa vifaa. Zamani sindano zilichemshwa na kutumiwa tena. Leo zipo za kutumika mara moja, zimefungwa katika karatasi yake, na bei yake ni ndogo. Mgonjwa adai pakiti ifunguliwe mbele ya macho yake, na aangalie kwamba baada ya kazi sindano zinatupwa ndani ya kisanduku kigumu cha usalama, wala si katika ndoo ya takataka ambamo mtoto wa mfagiaji atazikuta.

Ikitumiwa kwa usafi na mtu aliyesoma, tiba hii ina madhara machache. Madaktari wa Ujerumani waliwafuatilia wagonjwa 97,733, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba madhara makubwa yaliyofikiriwa kuhusiana na sindano yalikuwa 6 tu. Ya kawaida yalikuwa maumivu ya mchomo, damu kidogo, na ngozi kuvilia. Miongoni mwa hayo 6, wawili walitobolewa pafu. Hapa tena mchimbaji hafanani na Mjerumani. Kati ya ngozi ya mgongo wa juu na pafu pana sentimita moja au mbili tu, na kwa mtu aliyekonda hupungua. Mwenye mapafu mazima akitobolewa moja huugua na kupona. Mwenye mapafu yaliyojaa vumbi la mawe huweza kufa njiani. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi machimboni au karashani, ijapokuwa aliacha miaka kumi iliyopita, amwambie tabibu kabla ya jambo lolote, na akatae sindano ndefu kifuani na mabegani. Na kama baada ya kuchomwa atasikia kichomi cha ghafula na pumzi kukatika, aende hospitali, asirudi kwa tabibu yule kuongezewa nyingine.

Amwambie pia kama ana mimba. Kama damu yake haigandi upesi au anatumia dawa za kuizuia kuganda. Kama ana kisukari, kwa maana mguu usiosikia maumivu huungua kwa majani ya moto bila ya mwenyewe kujua. Kama ana kifaa cha umeme cha kuongoza moyo. Wala asiache dawa zake. Vidonge vya shinikizo la damu, vya kifua kikuu, na vya kufubaza virusi vya UKIMWI humezwa kama vilivyoandikwa, siku ya sindano na siku isiyo ya sindano.

Kuhusu sheria, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yamtaka mwenye kutoa tiba ya namna hii awe amesajiliwa, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo lenye orodha. Kuomba kuiona hati ya usajili si utovu wa adabu. Watu wetu, hasa wa vijijini, huona haya kumhoji tabibu, na mgeni zaidi. Lakini tabibu aliyesajiliwa hati yake huitundika ukutani ili ionekane. Mgonjwa aulize bei ya matibabu yote tangu mwanzo, siyo ya siku moja, na asilipe ya mara kumi na mbili kabla ya kuonja mara tatu. Ahesabu sindano vilevile, kwani imewahi kutokea mara nyingi kwamba moja husahauliwa chini ya nywele au nyuma ya goti, mgonjwa akaondoka nayo. Zikiingia kumi na mbili, zitoke kumi na mbili, na tabibu mzuri huzihesabu kwa sauti.